Mtu wa Arubaini

Kismayu, 12 Oktoba 2023

Ndugu yangu Bakri,

Pokea salamu za dada yako Zakiya, anayekuandikia akiwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, maana kiti cha pekee chumbani amekalia binti yako. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mkeo Sumeya amekonda kidogo, na ukimuuliza atasema ni joto. Iman alibadilishwa plasta mara ya tano Jumatatu iliyopita. Daktari asema mguu wake uliopinda unakubali kunyooka, lakini bado ni kila wiki plasta mpya, na plasta haitaki maji, kwa hiyo usitarajie kuletewa mtoto kwa boti. Akitaka chai huigonga sakafuni hata jirani Msomali akaja kuuliza kuna msiba gani.

Nipe habari za Baba. Anakula? Bado ndiye asomaye khutba kila Ijumaa? Kahawa yake nimempa Gharibu wa boti pamoja na barua hii. Ningepiga simu, lakini simu ya huko kisiwani Ngumi ni ile ya kusimama juu ya mawe ya pwani na kupaza sauti, na mambo ya nyumbani si ya kupaziwa sauti.

Sasa nikuingize kwenye shughuli yangu. Mwaka huu wa mwisho chuoni kila mtu anafanya utafiti wake, nami nimechagua watu wanaohama visiwani kuja mjini. Mchana twazunguka nyumba kwa nyumba na fomu, na tumeapishwa tusitoe nje jibu la mtu. Darasani mwalimu huchora ubaoni duara mbili, moja kijiji, moja mji. Kijijini huweka mishale inayosukuma: umasikini, vita, ukosefu wa kazi. Mjini huweka mishale inayovuta: hospitali, shule, mshahara. Asema wako wataalamu walioona kwamba mtu hahami kwa ajili ya kilichopo mjini, huhama kwa anachokitarajia. Hata mji ukiwa hauna kazi, matarajio peke yake yanatosha kumpakia kwenye boti. Wengine wasema watu huhama kwa hatua, kisiwani hadi mji mdogo, mji mdogo hadi mkubwa. Na wengine kwamba anayetangulia huwavuta jamaa zake mmoja mmoja.

Nilicheka peke yangu darasani, maana mishale yote ilikuwa ikikuelekea wewe. Kazi yako ya kukalafati imekufa. Boti sasa ni za faiba, na faiba haina ufa wa kuzibwa kwa pamba. Mkeo yuko huku, mtoto yuko huku, dada yako yuko huku. Kwa nadharia za mwalimu wangu ulitakiwa uwe umefika tangu mwezi wa sita.

Naomba uniandikie nyumba za Ngumi zilizofungwa tangu miaka mitano iliyopita, nani aliondoka, na kwa sababu gani. Fomu nimekufungia. Na uniambie unakuja lini. Sumeya haulizi tena kwa mdomo, huuliza kwa kukaa mlangoni Jumatano, siku ya boti.

Dada yako,
Zakiya


Ngumi, 2 Novemba 2023

Dada Zakiya,

Waalaikumu salamu wewe na ndoo yako. Baba mzima. Anakula, kahawa ameipokea, akasema ya safari hii imeungua kidogo, na tangu hapo amekunywa nusu yake. Khutba bado ni yake. Sauti haijapungua, ila amekuwa na tabia mpya: akitoka msikitini Ijumaa hapiti barazani kuzungumza na wenzake kama zamani. Huingia chumbani moja kwa moja, hufunga mlango, na hukaa humo kitambo. Nadhani ni uzee. Ukimwambia ni uzee atakurushia kiatu.

Fomu yako nimeisoma mara mbili. Zakiya, huyo mwalimu wako amewahi kupanda boti? Anachora mishale kama kwamba mtu ni furushi, lisukumwe huku livutwe kule. Haya, nikujibu. Nyumba zilizofungwa miaka mitano hii ni kumi na saba. Ya kina Barke: mtoto wao mmoja alikwenda Mombasa, akamwita wa pili, wa pili akamwita mama. Hiyo mpe yule mtaalamu wa jamaa kuvutana. Ya Mzee Zakaria: walihamia Kudhaa kwanza, kisha Kismayu, na sasa nasikia wako Malindi. Mpe yule wa hatua. Ya Fumo mpiga mbizi: aliondoka baada ya Idi, aliambiwa bandarini kuna kazi. Kazi hakuna, na hajarudi. Mpe yule wa matarajio. Wametoshelezwa wote.

Lakini sikuona pa kuandika wale wa mwaka tisini na moja, mwaka wa vita. Wale walioingia majini usiku mmoja na nguo walizovaa, hawakulinganisha chochote na chochote. Nao pia ni wahamiaji kwa mwalimu wako?

Kuhusu mimi kuja: kazi imenibana. Kuna mashua mbili zimepandishwa pwani na wenyewe wananihimiza. Zikimalizika nitaangalia. Mbusu Iman kwenye ule mguu mzima, na ule wa plasta uambie baba yake anausalimu. Sumeya mwambie nitamwandikia barua yake mwenyewe.

Bakri


Kismayu, 28 Novemba 2023

Bakri,

Salamu. Barua hii imechelewa kwa sababu ya mvua. Kwa wiki mbili boti haikuvuka, na maji yaliingia mitaani hadi tukainua magodoro. Sisi wazima. Iman amepata jino la kung'oka na anamwonyesha kila apitaye.

Sasa nikuulize kama dada. Mashua zipi? Gharibu huenda Ngumi kila wiki, nilimwuliza, akatazama pembeni, kisha akasema pwani hakuna mashua iliyopandishwa tangu mwezi wa nane. Akasema wewe hukaa kivulini ukichonga vijiko vya mbao. Bakri, mtu asiye na kazi hawezi kubanwa na kazi. Umenidanganya mimi, na mbaya zaidi, mimi nilimsomea Sumeya barua ile, akafurahi kwamba unapata chochote.

Ile barua yake uliyoahidi haikuja.

Kaka wa Sumeya, Zakir wa Mombasa, amekuwa akipiga simu kila siku. Asema dada yake haachwi mjini kama mzigo uliosahaulika, na kwamba Mombasa kuna hospitali ya viatu vya kunyoosha mguu.  Jana Sumeya alinikalisha chini akasema, "Zakiya, mimi nimengoja mwezi wa sita, wa saba, wa nane, hadi huu. Mwambie nduguyo. Ramadhani isinikute hapa niko peke yangu. Akija, tutakaa wote, hata chumba kiwe kimoja. Asipokuja, nitamfuata Zakir na mtoto wangu, wala simtafuti tena." Hakulia. Afadhali angelia.

Nilirudi kwenye daftari langu nikatafuta nadharia yako, sikuipata. Wote wanaeleza kwa nini mtu huondoka. Wa kubaki wanamchukulia kama mtu ambaye bado hajaondoka tu. Mwalimu alisema katikati ya zile duara mbili huwekwa vikwazo, kama nauli, bahari, mpaka. Nauli unayo, bahari unaijua. Basi ni nini? Uko na mwanamke mwingine? Umeugua na hutaki kusema? Niambie lolote, nitalibeba.

Zakiya


Ngumi, 14 Desemba 2023

Dada yangu,

Sina mwanamke. Siumwi. Na barua ya Sumeya nimeiandika mara nne na kuichana mara nne, kwa sababu kila nikifika pale pa kueleza, naona aibu.

Nitakueleza wewe, kwa kuwa ulilelewa nyumba moja nami na maneno haya hayatakuchekesha. Unakumbuka Baba alivyotufundisha, kwamba Ijumaa kwa madhehebu yetu haisihi ila kwa watu arubaini. Wanaume, watu wazima, na wawe wakazi: mtu ambaye kwao ni hapo, haondoki ila kwa haja, na akiondoka nia yake ni kurudi. Mgeni hahesabiwi. Mpita njia hahesabiwi. Tulipokuwa wadogo hakuna aliyejali, msikiti ulijaa hata nje.

Fumo mpiga mbizi alipoondoka baada ya Idi, Baba alinichukua tukakaa kwenye ngazi ya msikiti. Akahesabu kwa vidole, nyumba kwa nyumba, kuanzia upande wa kisima. Akahesabu tena kuanzia upande wa pwani. Akasema, "Na wewe, arubaini." Kisha akanishika mkono, akasema, "Bakri, mchu moya akitoka hapa, Ijumaa imefungwa. Tangu babu wa babu zetu haijafungwa, hata ule mwaka wa vita. Usiifunge wewe."

Nikamwambia sitaifunga, mtu huyo mmoja sitakuwa mimi. Hiyo ndiyo ahadi, na wakati ule Sumeya alikuwa amekwisha kuvuka na mtoto.

Naijua hoja yako, naisikia hadi huku. Watu thelathini na tisa wengine mbona hawashikwi? Wanashikwa! Hivi sasa kila mwanamume Ngumi anamwangalia mwenziwe. Mtu akinunua begi, watu hunyamaza. Mukhtar, mtoto wa Bi Bimkubwa, hulala Kismayu siku nyingi kwa bajaji yake, lakini kila Alhamisi huja na boti ya samaki na Ijumaa yumo safu ya mbele. Tunamshukuru kama mtu aliyetutolea figo. Mimi ndiye mtoto wa khatibu. Nikiondoka mimi, nitakuwa nimewafungulia mlango wote, na nyuma yangu kutabaki kelele ya kuku.

Nataka nikwambie na hili, usikasirike. Ulipoondoka wewe kwenda chuo hakuna aliyehesabu. Sumeya alipoondoka hakuna aliyehesabu. Mlilia, mkapanda, mkaenda. Mimi nakuoneeni wivu kwa jambo hilo kila siku. Nakaa nikichonga vijiko, na kila kijiko nasema hiki ni cha Iman. Nina vijiko kumi na vinne. Mtoto ana mdomo mmoja.

Usimwambie Sumeya kwamba ni Baba. Mwambie ni mimi.

Bakri


Kismayu, 20 Januari 2024

Ndugu yangu,

Barua yako ilinifikia kabla ya mwaka kugeuka. Nimekaa nayo wiki tatu, na sababu ya kukaa nayo ndiyo nitakayokuandikia. Kwanza habari njema: plasta ya mwisho ilikatwa Jumanne. Mguu wa Iman ni mwembamba na una ngozi ya kuparuka, lakini unyayo unagusa chini wote, Bakri, wote. Amepewa viatu vilivyounganishwa kwa chuma cha kulalia, na mchana hutembea kwa kushika ukuta. Anauliza kila mwanamume mrefu anayepita mlangoni kama ni baba.

Sumeya nilimwambia ni wewe, kama ulivyotaka. Alisema, "Basi nimejua." Nikajuta.

Sasa hili. Mwezi wa Oktoba, kabla sijajua lolote kuhusu hesabu ya Baba, nilikuwa mtaa wa Fanole na fomu zangu. Katika nyumba moja ya mabati mapya nilimkuta Mukhtar. Ana mke hapo, ameoa Machi mwaka jana, na mkewe ni mjamzito. Nilimwuliza maswali kama ninavyowauliza wote. Swali la kumi na moja ni hili: Je, unanuia kurudi kuishi ulikotoka? Akajibu, "Sinuii. Hapa ndipo kwetu sasa. Ngumi naenda kumwona mama, na Ijumaa kwa kuwa nimeombwa." Nikaandika, nikamshukuru, nikaenda nyumba ya pili.

Niliapa nisitoe jibu la mtu, na leo nimelitoa. Nimekaa wiki tatu nikijiambia kiapo ni kiapo. Pia nilikuwa nikimfikiria Baba juu ya mimbari, na hao watu waliokaa wakilindana kama wafungwa wa chumba kimoja. Lakini kila nikimtazama Iman akishika ukuta naona kwamba kunyamaza kwangu nako ni kumfungia mtu mlango.

Wewe dini umejifunza kuliko mimi. Nieleze kama nakosea. Mtu asiyenuia kurudi si mkazi. Fomu yangu yasema hivyo, na kitabu cha Baba chasema hivyo hivyo. Basi arubaini haikuwapo tangu Fumo alipoondoka. Ahadi yako ulikuwa ukiitimiza kwa jambo ambalo halipo.

Huna kinachokushika, Bakri. Njoo.

Zakiya


Ngumi, 4 Februari 2024

Dada yangu Zakiya,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Siku tatu nilikukasirikia wewe, kisha Mukhtar, kisha nikakosa wa kumkasirikia.

Ijumaa juzi, Mukhtar akiwa safu ya mbele kama kawaida, Baba alisoma khutba, tukaswali, akaenda chumbani akafunga mlango. Nilikuwa nimekusudia kumwambia kwa upole, baada ya chakula. Lakini barua ilinichoma mfukoni, nikausukuma mlango bila kubisha.

Alikuwa amesimama juu ya mswala. Nilingoja. Alirukuu, akasujudu, akainuka tena, na mimi nikahesabu: rakaa nne. Zakiya, alikuwa akiswali adhuhuri. Mtu aliyetoka kuswalisha Ijumaa sasa hivi, anaswali adhuhuri mlango umefungwa. Miezi yote ile nilidhani anapumzika.

Akatoa salamu, akaniona, hakushtuka. Nikamwambia, "Baba, kumbe wajua." Akasema, "Nalijua siku Mukhtar alipooa. Aliniya hapa mwenyewe, akaniomba ruhusa. Nikamwambia uye kila Ijumaa, usimwambie mchu." Nikamwuliza, "Na Fumo alipoondoka, ukanihesabu mimi wa arubaini?" Akasema, "Wewe ulikuwa wa thalathini na tisa."

Nikamwuliza kwa nini. Nilimpigia kelele, Mungu anisamehe, sijawahi kumpigia kelele. Akakunja mswala polepole, akasema, "Mamako kafa. Zakiya kenda. Ningekwambia kaa kwa ajili yangu, ungekaa? Kwa ajili ya Ijumaa najua mchu hukaa."

Sijui ningejibu nini kama angeniuliza vile. Huenda ningekaa. Huenda nisingekaa. Hakunipa nafasi ya kujijua, na hilo ndilo linaloniuma.

Lakini watu nao wana haki yao. Wameswali Ijumaa isiyosihi tangu Fumo alipoondoka, na kila mmoja ana adhuhuri za kulipa. Nikamwambia, "Ama uwaambie wewe, ama niwaambie mimi." Ameomba awaambie mwenyewe Ijumaa ijayo. Kisha mimi sina ninachongojea. Nakuja na Gharibu Jumatano ya tarehe kumi na nne. Mzigo nimefunga, si mkubwa: nguo, sindano zangu za kukalafati ambazo hazitanifaa kitu, na vijiko.

Mwambie Sumeya. Sasa waweza kumwambia kila kitu.

Bakri


Kismayu, 20 Februari 2024

Bakri,

Jumatano Sumeya alitia hina. Alimvalisha Iman viatu na gauni la njano, tukapanda bajaji hadi bandarini tangu asubuhi. Boti iliingia. Walishusha samaki, wakashusha magunia ya nazi, wakashusha kina Mishi na watoto wao wanne na vyombo vyao vyote, wakashusha familia nyingine mbili ninazozijua. Iman alimwangalia kila aliyeshuka. Gharibu alifunga kamba bila kunitazama, nikamshika mkono, akasema tu, "Alikuwa amebeba mzigo. Nilimwona na mzigo." Basi.

Kina Mishi wako kwangu hadi wapate pa kukaa. Nao hawataki kunieleza. Nikiwauliza habari za Baba husema mzima, kisha huzungumzia mvua.

Zakir amekwisha kufika kutoka Mombasa. Wanaondoka Alhamisi ya mwisho kabla ya Ramadhani. Sumeya hakusema neno baya. Alimvua Iman lile gauni la njano akalifua, akalianika, akalikunja chini kabisa ya sanduku.

Kuna nini huko? Nimefanya nini?

Zakiya


Ngumi, 2 Machi 2024

Dada yangu,

Hukufanya kosa. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua ukifika chini ya barua utajilaumu.

Baba alitimiza neno lake. Ijumaa ile alipanda mimbari, na badala ya khutba akawaambia. Alisema yote, hakujitetea, hata lile la kunihesabu mimi alilisema. Nilikuwa safu ya pili na sikuweza kuinua kichwa. Akamaliza. Kisha mzee mmoja, aliyekuwa rafiki yake tangu utoto, akasimama akasema, "Mansur, wewe wachu uliwafanya kuku wa kuhesabiwa." Akatoka. Wakatoka wote, mmoja baada ya mwingine, wakaswali adhuhuri yao pwani nyuma ya mzee huyo. Tangu siku hiyo hakuna anayeswali nyuma ya Baba. Wamempokonya salamu pia. Hujibiwa, lakini hasalimiwi kwanza. Wiki hiyo hiyo nyumba sita zilifungwa. Watu waliokuwa wakisingizia biashara na wagonjwa walikuwa wakingoja tu wa kuwafungulia. Mukhtar amemchukua mama yake. Tulijihesabu arubaini, sasa sijui kama tunafika ishirini. Mwambie mwalimu wako achore mshale huo.

Jumatano nilikuwa na mzigo begani. Nilimuaga Baba nyumbani, akaniombea dua, akasema nenda kwa mkeo, hapo ndipo mahali pako. Alisema kwa moyo safi, sikumwona akinishika kwa lolote. Nikashuka pwani. Kina Mishi wamekwisha kupanda, Gharibu ananipungia mkono, na adhana ya adhuhuri ikalia. Ilikuwa sauti yake. Nikangoja asikie mtu mmoja akiingia, mmoja tu, nipande boti nikiwa na amani. Watu walikuwa wamekaa kwenye magogo wakisikia kama mimi, na hakuna aliyenyanyuka.

Nikasema niingie niswali tu, safari haikimbii. Ndani ya msikiti ule, Zakiya, ambao ulikuwa ukijaa hata nje, alikuwa amesimama mtu mmoja akijikimia swala mwenyewe. Nikaweka mzigo mlangoni, nikasimama kuliani kwake, pale anaposimama maamuma akiwa mmoja. Tulipotoa salamu hakugeuka. Alikaa akitazama kibla, akasema, taratibu, kama anayesoma kitabu:

"Kwa Ijumaa, wachu arubaini. Kwa swala ya jamaa, wawili watosha."

Nikasikia boti ikiwasha mashine. Ningeweza kukimbia. Kutoka msikitini hadi pwani si mbali, unajua mwenyewe, tulikuwa tukishindana. Sikukimbia. Nilikaa hadi sauti ya mashine ikaisha, na Jumatano zilizofuata nilisikia ikija na kuondoka, na kila mara nilikuwa nimekwisha kutia udhu.

Nilikuwa nimefungwa kwa hesabu ya uongo, na wewe ukanifungua. Hii ya sasa ni ya kweli, na hakuna fomu itakayoipinga. Nimejaribu kumwambia twende wote. Akasema akiondoka, adhana itatolewa na nani. Nimejaribu kumchukia. Hilo nalo siliwezi.

Sumeya mwambie sikumwacha kwa kutompenda. Najua jibu hilo halimpi mume. Mwambie aende, asinione mimi kikwazo, na Iman akitembea bila kushika ukuta unipigie simu, nitapanda kwenye mawe na nitapaza sauti mbele ya watu wote, sijali. Vijiko vyote kumi na vinne viko kwa Gharibu. Sumeya ampe Iman kimoja ale nacho njiani.

Fomu yako nimeijaza, imo humu ndani. Mahali pa sababu ya kubaki hapakuwepo, nimeacha. Mahali pa idadi ya waliobaki nyumbani kwa Mzee Mansur, andika wawili.

Nduguyo,
Bakri